Mwacheni Dick Grayson awe shushushu!

Haya jamani, leo mnivumilie. Mmezoea kunisoma hapa nikilalamikia foleni, umeme na waheshimiwa wetu. Leo nawalalamikia nyinyi, wapenzi wenzangu wa vitabu vya katuni.

Chanzo ni ubishi wa Jumamosi iliyopita. Tulikuwa watu watano kijiweni, kahawa chungu na kashata, mada ikahama kutoka kwenye mpira ikaangukia kwa mashujaa wa katuni. Mmoja wetu, msomi wa shahada mbili huyo, akatamka kwa sauti ya hakimu: "Siku DC walipomfanya Nightwing shushushu ndiyo siku walipoua utoto wangu." Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikanyamaza, jambo ambalo ni nadra sana. Hasira ilikuwa imenikaba, na nikikabwa na hasira huwa naandika vizuri kuliko ninavyosema. Basi jibu langu ndilo hili.

Kwanza historia kidogo, kwa faida ya wale wanaodhani katuni ni mambo ya watoto.

Dick Grayson ndiye Robin wa kwanza. Alizaliwa kwenye karatasi mwaka 1940, katika toleo la 38 la Detective Comics, mikononi mwa Bob Kane, Bill Finger na Jerry Robinson. Mtoto wa sarakasi. Baba na mama walikuwa wanarukia bembea za juu, jambazi mmoja akaziharibu kamba, wazazi wakaanguka mbele ya macho ya mtoto. Batman, yatima mwenzake, akamchukua na kumlea. Kijana akakua. Mwaka 1984, chini ya Marv Wolfman na George Pérez, akaivua kaptula ya Robin na kujiita Nightwing. Kuanzia 2009 hadi 2011 akawa Batman mwenyewe, wakati mlezi wake alipodhaniwa amekufa. Kwa hiyo tunamzungumzia mtu ambaye wasomaji wamemtazama akikua kwa zaidi ya miaka 80. Ni wachache sana kwenye ulimwengu ule wanaoruhusiwa kukua.

Kisha ikaja Forever Evil, 2013 hadi 2014. Waovu kutoka dunia nyingine wakamteka, wakamvua barakoa na kulionyesha jina lake kwa ulimwengu mzima. Mwishoni wakamfunga kwenye mashine ya kifo, na Lex Luthor akausimamisha moyo wake ili mashine isilipuke, halafu akamfufua. Dunia ikabaki inajua kwamba Dick amekufa. Batman akaona hapo pana nafasi. Palikuwa na shirika la kijasusi linaitwa Spyral, linakusanya majina ya siri ya mashujaa. Nani wa kujipenyeza humo? Marehemu! Nani atamshuku marehemu?

Julai 2014 likatoka toleo la kwanza la Grayson. Waandishi Tim Seeley na Tom King, mchoraji Mikel Janín. Hakuna barakoa, hakuna nembo ya ndege kifuani. Sasa anaitwa Wakala 37, na pale kwenye jalada ameshika bastola. Bastola! Mtoto aliyelelewa na Batman, mtu aliyeapa kutoigusa bunduki baada ya wazazi wake kupigwa risasi uchochoroni.

Makelele yaliyofuata mnayakumbuka. Ametiwa najisi. Wamemgeuza James Bond wa bei nafuu. Wamemnyang'anya ndege wetu mabawa.

Naomba niwe mkweli: nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele. Nilikuwa chuo mwaka ule, na nilimwandikia rafiki yangu barua pepe ndefu ya matusi kabla sijasoma hata ukurasa mmoja. Halafu nikasoma.

Sasa tuingie kwenye hoja. Nyinyi mnaolalamika mna hoja moja nzito na nyingine nyepesi, na kwa bahati mbaya mnaishikilia ile nyepesi.

Hoja nyepesi ni hii: shujaa asibadilishwe. Dick mwenyewe ni ushahidi dhidi yenu. Huyo Nightwing mnayemlilia ni mabadiliko! Mngekuwepo 1984 mngelia kwamba Robin ameuawa. Mkija kwangu na hoja ya "tulivyomzoea", nitawauliza mlimzoea yupi. Yule wa kaptula za kijani? Yule wa kola ndefu ya 1984? Yule wa joho la Batman? Kila mmoja wetu anaukumbuka ule mwaka aliokuwa na miaka 14, akaugeuza kuwa sheria.

Hoja nzito ni hii: kuna mabadiliko yanayoua. Na hapa nakubaliana nanyi kabisa, kwa sababu ujasusi ulishawahi kumuua shujaa mkubwa kuliko Dick.

Nendeni 1968. Dunia ilikuwa imelewa ujasusi. Bond kwenye sinema, Emma Peel wa The Avengers kwenye televisheni ya Uingereza. Wonder Woman alikuwa hauziki vizuri. DC wakamkabidhi kwa Denny O'Neil na Mike Sekowsky. Wakafanya nini? Wakamnyang'anya nguvu. Wakamvua vazi lake. Mama yake na dada zake Waamazoni wakahamishiwa ulimwengu mwingine. Steve Trevor akauawa. Diana akabaki mjini na duka la nguo za mitindo, suti nyeupe, na mwalimu kipofu anayeitwa I-Ching akimfundisha karate. Shushushu tayari!

Hali hiyo ikaendelea hadi 1973. Katikati yake, mwaka 1972, jarida la Ms. la akina Gloria Steinem lilipoanza kutoka mara kwa mara, jalada la toleo la kwanza lilimbeba Wonder Woman. Yupi? Yule wa zamani, na vazi lake na nguvu zake. Wale wanawake walikuwa wamelisoma tatizo vizuri: mwanamke pekee mkubwa aliyekuwa na nguvu sawa na za Superman alipewa gauni na duka, halafu akaambiwa hiyo ndiyo hatua mbele.

Kwa nini lile lilishindwa? Jibu rahisi ni kwamba walimfanya jasusi. Mimi silikubali. Lilishindwa kwa sababu walimwondolea kila kitu, kisha hawakuuliza swali lolote. Hadithi zilibadili nguo na mandhari, basi. Hakuna aliyeuliza: huyu mtu, bila nguvu zake, bila mama yake, bila watu wake, amebaki nani?

Hilo ndilo swali ambalo Grayson inaliuliza kila toleo.

Hebu tazameni walichomfanyia. Hana jina, maana amekufa. Hana ndugu, maana ndugu wanamlilia. Hana hata sura! Spyral wanampandikizia kifaa kinachoitwa Hypnos, ambacho kinachezea akili za wanaomtazama. Anayemtazama anaona ukungu wa mzunguko pale penye uso, na baadaye hawezi kumkumbuka. Fikirieni. Kwa miaka 70 na ushee mtu alificha uso kwa kitambaa kidogo, na chini ya kitambaa kile alikuwa mtu mwenye jina, rafiki wa kila mtu, yule ambaye mashujaa wote humwamini. Sasa hana barakoa hata kidogo, na hakuna anayemwona.

Na humo ndani ya ukungu anafanya nini? Anataniana na watu. Anakataa kuua, kwenye shirika ambalo kuua ni kazi ya kawaida. Ile bastola ya jaladani inamchukiza, na hadithi haimruhusu aone chuki hiyo kuwa jambo la bure; kuna watu wanaokufa karibu yake na anabaki na swali la kama mikono yake misafi imewagharimu wengine. Anawaamini watu ambao kazi yao ni kudanganya. Helena Bertinelli, mkubwa wake kikazi, anamtazama kama mtu anayemtazama mtoto akicheza barabarani.

Kama hamna muda wa kusoma matoleo yote 20, someni la tano tu. Dick, Helena na Midnighter wamekwama jangwani wakiwa na mtoto mchanga. Midnighter ni adui wakati ule, mtu aliyetengenezwa mwilini awe mashine ya vita. Hawana maji ya kutosha, jua halina huruma. Wanatembea. Helena anaanguka. Midnighter anaanguka, pamoja na mitambo yake yote. Dick anaendelea, mtoto kifuani. Hakuna mapigano, hakuna ujanja wa kijasusi. Ni kurasa baada ya kurasa za mtu anayetembea kwa sababu ameshika mtoto na hataki kumwachia.

Sasa mkumbukeni yule mvulana wa 1940 aliyetazama wazazi wake wakianguka bila mtu wa kuwadaka. Huyo ndiye aliye jangwani. Mmemvua nguo, jina, familia na uso, na bado ni yeye yule. Nionyesheni toleo moja la Nightwing mwenye barakoa lililolithibitisha hilo waziwazi namna hii, nami nitanunua kahawa mwaka mzima.

Kuna mtu kijiweni alileta hoja nyingine, na hii siwezi kuipita kwa kicheko. Alisema: huyo Tom King alikuwa ofisa wa CIA. Ni kweli, alifanya kazi ya kupambana na ugaidi huko kabla ya kuandika katuni, na hakufanya siri. "Sisi Waafrika," akasema, "tushangilie kitabu cha CIA?" Hoja hiyo ina damu ndani yake. Kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe ilieleza mwaka 1975 jinsi sumu ilivyopelekwa Kongo mwaka 1960 kwa ajili ya Lumumba. Sumu haikutumika, lakini Januari 1961 Lumumba aliuawa hata hivyo. Anayezungumzia majasusi mbele yetu kana kwamba ni watu wa suti nzuri na magari ya haraka, anazungumza na watu wenye kumbukumbu.

Lakini someni kitabu! Spyral si kikosi cha malaika. Grant Morrison, aliyeibuni kabla ya hapo katika Batman Incorporated, aliipa mwanzilishi Mnazi. Mkuu wake kwenye Grayson, Bwana Minos, hana uso na hana uaminifu. Hadithi inaandikwa na mtu aliyeijua kazi ile kwa ndani, na anachokisema tangu mwanzo ni kwamba kazi ile inakula watu. Mimi namwamini zaidi mpishi anayeniambia jikoni kuna mende kuliko yule anayenisifia supu. Tulilelewa na Willy Gamba wa Musiba, tukampenda kwa sababu alikuwa anapigana upande wetu, na hakuna aliyetuambia usiku Willy analalaje. Grayson inajaribu kusema.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika, maana hapa napo pananihusu.

Kosa kubwa katika hadithi hii halikufanywa na DC. Lilifanywa na Batman. Katika toleo la 30 la Nightwing anamtaka kijana aliyetoka kuzimu juzi abaki marehemu. Wanapigana pangoni, ngumi za kweli, baba na mwana, mpaka Dick anakubali. Na sharti ni kwamba wengine wasijue. Barbara asijue. Tim asijue. Jason asijue. Waomboleze tu.

Miaka michache iliyopita mhariri wangu wa wakati ule aliniita akanipa kazi. Kulikuwa na kampuni moja, sitaitaja, tuliambiwa inawanyonya vibarua wake. Niingie kama mfagizi, nikae wiki tatu, nitoke na habari. Nilikuwa kijana, nikaona sifa. Mama nilimwambia nipo Morogoro kwenye semina. Alikuwa ananipigia jioni kuuliza kama baridi ya mlimani hainisumbui, nami nikiwa chumba cha kupanga Mbagala, jasho linanitoka, namjibu kwamba nimevaa sweta.

Mle ndani nilipewa jina lingine. Palikuwa na mlinzi wa getini, mzee wa makamo, akanipenda bure. Aliniita "mwanangu". Alikuwa anakuja na ugali wake kwenye bakuli la plastiki, anagawa nusu. Ndiye aliyenieleza mengi niliyoyaandika, akidhani anaongea na kijana mwenzake wa shida. Habari ikatoka ukurasa wa mbele, nikapongezwa. Yeye akafukuzwa kazi. Walijua nani alikuwa anakaa nami.

Nilikwenda kumtafuta, sikumpata. Na kitu kinachoniuma si kwamba alinichukia. Sijui kama alinichukia. Kinachoniuma ni kwamba kama ananikumbuka, ananikumbuka kwa jina ambalo si langu. Uso ninao, lakini kwake mimi ni ule ukungu wa Hypnos.

Je, habari ile ilistahili kuandikwa? Ndiyo, vibarua walilipwa baadhi ya malimbikizo yao. Je, nilipaswa kumdanganya mzee yule? Bado sijapata jibu, na mtu akiniambia jibu ni rahisi, namshuku.

Ndiyo maana toleo la 12 lilinivunja. Dick anarudi Gotham, anawaendea ndugu zake mmoja mmoja. Jason anamkasirikia. Tim ameumia. Barbara hataki hata kusikia maelezo, na ana haki. Ni Damian tu, mtoto ambaye naye alikufa akarudi, anayemkumbatia. Na Batman je, aliyetoa amri? Bruce Wayne amepoteza kumbukumbu. Hamjui Dick. Mtu pekee ambaye angeweza kusimama na kusema "mimi ndiye niliyemtuma" hakumbuki kumtuma. Mhariri wangu naye alishahama gazeti wakati habari ile inanirudia usingizini...

Sasa niambieni nyinyi wa "wameua utoto wangu": ni hadithi gani ya kurukaruka juu ya mapaa ingeweza kusema hayo?

Sisemi kitabu hakina dosari. Mwisho wake, 2016, ulikuwa wa kukimbizwa. Seeley na King waliondoka kabla ya mwisho, wengine wakamalizia, na dunia nzima ikasahaulishwa jina la Dick kwa teknolojia ile ile ya Spyral ili arudi kuwa Nightwing bila usumbufu. Hapo ndipo DC walipokosea kwangu. Baada ya miaka miwili ya kutuambia kwamba uongo una gharama, wakafuta bili kwa kitambaa.

Lakini kama mnataka kujua kuharibu shujaa kukoje, subirini 2018. Mwandishi ni huyo huyo Tom King, safari hii kwenye Batman, toleo la 55. Muuaji KGBeast anampiga Dick risasi ya kichwa. Anaamka hana kumbukumbu, anajiita Ric, anaendesha teksi Blüdhaven. Hali hiyo ikaburuzwa hadi 2020. Jina nusu analo, mji anao, uso anao, marafiki wanamjua na wanamfuata. Alichonyang'anywa ni cha ndani. Na wasomaji, wale wale waliolia 2014, wakagundua kilio halisi kikoje. Mwaka 2014 waliondoa kila kitu cha nje wakamwacha Dick. 2018 waliacha vya nje wakamwondoa Dick. Ya kwanza ilizaa kitabu. Ya pili ilizaa subira.

Baadaye Tom Taylor na Bruno Redondo walimrudisha kwenye mwanga, na mwaka 2023 Nightwing yao ikapata Eisner ya mfululizo bora. Nafurahi. Lakini yule Nightwing anayegawa fedha zake kwa maskini na kucheka na kila mtu, mimi nikimtazama namwona aliyetembea jangwani na mtoto. Nyinyi mnaweza kumpenda bila kujua alikopita. Mimi siwezi.

Kwa hiyo, msomi wangu wa shahada mbili, kipimo changu ni hiki, ukichukue au ukikatae. Wakimbadilisha shujaa wako, usiulize amevaa nini. Uliza wamemwachia nini, na kama hadithi ina ujasiri wa kukitazama walichomwachia. Diana wa 1968 hawakumtazama. Dick wa 2014 walimtazama mpaka ikauma.

Jumamosi nakuja kijiweni na toleo la tano na la 12. Utayasoma hapo hapo, mbele yetu, kabla hujatoa hukumu nyingine. Na kahawa ni juu yako.

Nawasilisha.